Kufuli la Kabati la Chakula

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, Stella, mama mkwe wangu Lukresia alinilisha mtori wa ndizi na nyama ya mbuzi kwa miezi mitatu. Siku ya kutoka ndani baada ya uzazi, alinitembeza sokoni Kwa Sadala. "Oneni mkwe wangu alivyonona! Kwetu hakuna njaa." Alifanya hivyo kwa watoto wote wanne.

Mwaka 2003 magoti yangu yalikataa kupandisha uzito wangu kilima cha kwetu Masama, na sukari ikapanda. Lukresia yule yule akalitia kabati la chakula kufuli, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari.

Sikubishana. Kwa miezi sita nilikula bakuli moja mchana, moja jioni. Nikapungua kilo kumi na mbili. Lakini kadiri nilivyopungua, ndivyo njaa ilivyozidi. Kanisani nilikuwa nikisikia harufu ya ndizi zinazochemka. Kisha kilo tatu zikarudi.

"Unadoea kwa majirani," alisema Lukresia. "Mwizi."

"Mama, sijadoea."

"Basi ni upepo unaokunenepesha!"

Mume wangu Remigius akacheka. Kicheko kile sijakisahau.

Tukaenda wote watatu kliniki Moshi, ili daktari anikemee. Daktari, binti mdogo, alimwamkia Lukresia shikamoo, kisha akanigeukia. "Njaa yako ikoje, mama?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza.

"Tumbo hutuma homoni kwenye damu, kuuambia ubongo kwamba mwili una njaa," akasema. "Utumbo hutuma nyingine, za kusema basi, inatosha. Mtu akipungua, ile ya njaa huongezeka. Mwili unadhani ni ukame, unapigania kilo zake. Bibi, huyu hasemi uongo."

"Kwa hiyo ale tu?"

"Aendelee kupima chakula, nasi tumsaidie. Lakini kufuli halifiki tumboni."

Tulipofika nyumbani nilinyoosha mkono. "Mama, ufunguo."

"Thubutu!"

"Mama Stella, mheshimu mama," alisema Remigius.

"Nimemheshimu kwa miaka kumi na tano. Nilipoongezeka uzito, akanitangaza sokoni. Nilipoupunguza kwa mateso, akaniita mwizi. Na wewe ukacheka."

Ufunguo ulibaki shingoni.

Nikachukua panga la shambani, nikaling'oa komeo pamoja na misumari yake. Kufuli likaanguka sakafuni, bado limefungwa. Lukresia akapiga yowe kana kwamba nimemkata yeye.

Nikatoa sufuria ya mtori, nikachota bakuli langu lile lile, kipimo kile kile. Nikakaa, nikala wakinitazama. Mlango wa kabati niliuacha wazi.