Mkanda Juu ya Kiuno

Mvua ya Kericho haina adabu. Ikifika saa nane inanyesha, uwe tayari usiwe tayari. Wingu lilikuwa limeshajaa juu ya Kapsoit, na mama yangu amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pake, kikombe cha chai mkononi, anakataa.

"Mama, ni picha moja tu," nikamwambia. Nilikuwa nimezunguka ule ua, koti mkononi, mpaka kuku wakaanza kunikimbia. "Uvae koti, usimame kwa majani chai, basi."

"Hiyo siwezi vaa, Chelangat."

Wanawake wa Nairobi wanaliita koti hilo kwa jina langu, na bei ya moja inatosha ng'ombe wa gredi na ndama wake. Ni la ngozi laini, mkanda unafungwa juu karibu na kifua, halafu linashuka kwa upana. La kwanza nililishona kwa cherehani ya kukodi, njaa ikiniuma, na nilijua nimelitoa wapi. Nililitoa kwa mama, akirudi kutoka shamba kubwa alikochuma majani, amevaa ile plastiki ya kuzuia umande, ameifunga juu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Wenzake wote walifunga kiunoni. Mama yangu alifunga kama malkia. Niliwasimulia hivyo wenye duka moja la Ulaya, wakasema wanataka kumwona mwenyewe amelivaa. Bila picha hawanunui, na mafundi wangu wote walikuwa wanangoja simu yangu.

Gitonga, mpiga picha wangu, akaangalia juu. "Mathe, tusaidie bana. Mvua ndiyo hiyo."

Nikapandwa na hasira. "Unaona aibu, Mama? Hiyo plastiki ndiyo ilinisomesha!"

Mama akaweka kikombe chini. "Si aibu. Unajua kwa nini nilikuwa nafunga juu?"

"Ilikupendeza."

"Nilikuwa na mimba. Nyapara akiona tumbo, anakutoa kazi. Nikafunga juu, ikae kubwa kubwa, asione." Akageuza uso kuelekea majani. "Mtoto alitoka huko kwa majani, kabla ya wakati yake. Hakulia. Wewe ulikuwa shule. Jioni nikafunga tena vile vile, nikakuja kukupikia."

Miguu yangu, iliyokuwa haitulii tangu asubuhi, ikasimama. Nikawakumbuka wanawake wote waliojigeuza mbele ya kioo changu, wakisifu ule mkanda, nami nikicheka nao. Niliumia.

"Gitonga, weka kamera kwa begi," nikasema. "Tunaenda."

Matone ya kwanza yakagonga mabati. Mama akainuka, akanipokonya koti, akalivaa. Akauchomoa mkanda polepole, akaniwekea mkononi. Kisha akaenda hadi katikati ya majani yetu wenyewe, akasimama, koti limefunguka mbele, mvua inampiga tumboni.

Gitonga akaitoa tena kamera mbio mbio. "Madam, mkanda! Bila mkanda hawa watu hawatajua ni koti yako."

Nikaukunja, nikautia mfukoni.

"Piga hivyo hivyo," nikamwambia.