Chupa Aliyoikaza Cosimo

Kila Februari familia ya Scutellà, wakazi wa Coburg mjini Melbourne, hulitoa gari bandani, hutandika magazeti sakafuni na kusaga nyanya za mwaka mzima. Cosimo huzungusha mashine, binti yake Loredana hutia jani la mrehani katika kila chupa, na mkewe Assunta hukaza vifuniko. Kisha chupa huchemshwa ndani ya pipa, kama kwao Calabria, Italia. Jirani akilalamikia moshi, hupelekewa mbili na kunyamaza.

Jumapili moja ya Machi Loredana alifungua chupa mpya, nayo ikasema kwa sauti ya mama yake, "Wa kwenye picha hakuwa wewe." Loredana akaimimina sufuriani, akapunguza moto.

Habari yenyewe mtaa mzima uliijua. Assunta aliolewa kanisani kwao huku mume yuko ng'ambo, akiwa na picha yake tu, kama wasichana wengi wa siku zile. Ilikuwa picha ya kijana mrefu, mzuri wa kutosha kumpandisha mtu meli. Bandarini alipokewa na Cosimo. Kijana wa pichani alikuwa mwenzake wa kiwandani; Cosimo alikuwa ametuma picha ya huyo badala ya yake. Assunta hakuuliza, pete ilishaingia kidoleni. Cosimo naye, ambaye kwa habari za mpira hanyamazi, hakuligusa jambo hilo kamwe. Assunta alichotaka ni kuombwa radhi mara moja tu, na inauma mtu kunyimwa kitu kidogo hivyo.

Chupa zote zilisema vilevile, kila Jumapili. Wajukuu walizoea. Cosimo alisema mchuzi wa mwaka huo umekolea.

Februari iliyofuata Assunta alimwekea mumewe chupa mbele.

"Hii kaza wewe."

"Mimi tena? Si kazi yenu wanawake?"

"Moja tu, mzee. Mkono hautakatika."

Aliikaza. Assunta akaifunga uzi mwekundu shingoni, akaingojea kwa hamu kuliko alivyowahi kuingojea ile meli.

Siku ya Pasaka aliifungua mwenyewe, kando ya jiko, wote wakiwa wamekaa mezani mapema ili waisikie. Chupa ikashusha pumzi, kisha ikasema kwa sauti ya Cosimo, "Leta jibini."

Cosimo akaikagua meza.

"Eh, kweli," alisema. "Leta jibini."

Assunta akaenda kuleta.