Mtafsiri wa Pili

Kuta za studio zilikuwa zimebandikwa trei za mayai, zile za karatasi ngumu, kuanzia sakafuni hadi darini. Niliambiwa zinameza sauti. Nilikaa nikiwa nimefunga tai iliyonibana shingo, Mchungaji Wandera upande wangu wa kulia, Robinson Omagor upande wa kushoto. Mezani palikuwa na maiki mbili tu, moja ya Robinson, nyingine ya mchungaji na mimi tugawane. Binti mtangazaji aliinua kidole. Taa nyekundu ikawaka. Mchungaji akasema sentensi yake ya kwanza kwa Kiswahili, nami nikavuta pumzi ili niigeuze Kiteso.

Pumzi ile, nikikumbuka, naona kama bado sijaitoa.

Mimi ni fundi wa tairi hapa Malaba. Shule niliachia darasa la sita, na tangu wakati huo nimekuwa nikifungua magurudumu ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Mikono yangu haitakati, hata kwa mafuta ya taa. Lakini Jumapili mimi ni mtu mwingine. Mchungaji wetu ni Msamia wa Sigalame. Kiteso anakisikia vizuri, ila kukihubiri hawezi. Yeye husema Kiswahili, na mtu husimama kando yake kukigeuza kwa ajili ya wazee na akina mama wanaotoka Moding na vijiji vya huko. Mtu huyo ni mimi. Kabla yangu alikuwa Robinson.

Robinson alikuwa hodari, sitakataa. Mchungaji akiinua mkono, wake pia umeinuka. Mchungaji akishusha sauti, naye anaishusha, mpaka unasahau kwamba ni watu wawili. Akina mama walikuwa wakisema Robinson hutafsiri hata kikohozi. Mimi nilipopokea maiki, mama mmoja alinishika mkono mlangoni kwa huruma akaniambia, "Umejaribu, mzee." Nimejaribu miaka na miaka. Nina tabia ya kusafisha koo kabla ya kila sentensi, na najua watoto huiga koo langu wakicheza nyuma ya kanisa.

Kanisa letu ni la Mwito wa Utakatifu, na sisi si watu wa mchezo. Wanawake wetu hawavai suruali wala hereni. Wanaume hawagusi pombe. Muumini akianguka dhambini, anawekwa benchi la nyuma. Akiwa pale haimbi, hashiriki Meza ya Bwana, haombi kwa sauti, mpaka wazee waone amepona. Ndivyo tulivyopokea, na ndivyo tulivyofanya kwa kila mtu.

Wilkister, dada yake Robinson, alipopata mimba bila ndoa, mchungaji alilitaja jina lake mbele ya kanisa zima. Robinson alikuwa kando yake na maiki. Alitafsiri. Mama yao, ambaye Kiswahili hakijui, alikuwa ameketi mstari wa pili, na hukumu ya binti yake aliisikia kwa sauti ya mwanawe. Wilkister akainuka, akapita katikati ya watu, akaenda kukaa nyuma. Ibada ilipoisha, Robinson aliuzungusha waya wa maiki vizuri, kama kawaida yake, akaiweka juu ya mimbari, akatoka. Hakurudi tena.

Nilimhurumia yule msichana. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile maiki.

Wakati wa korona makanisa yalifungwa, yakafunguliwa, na Robinson tukawa tumeshamzoea kuwa mtu aliyeondoka. Kisha siku moja nikiwa chini ya trela, mgongo kwenye gunia, nikaisikia sauti yake. Ilitoka dukani kwa Hamdan, jirani yangu anayeuza oili na vichungi, mtu ambaye redio yake haizimwi isipokuwa wakati wa swala.

"Mzee Ilukor," Hamdan akaniita, "njoo usikie. Kijana wenu anawafua bila sabuni."

"Zima hiyo kitu."

"Nizime kwa nini? Hata mchungaji wenu anasikiza. Nimempita sasa hivi hapo barabarani, yuko ndani ya gari, vioo amepandisha."

"Muongo wewe."

"Haya, mimi muongo. Nenda ukamwangalie."

Sikwenda. Nilibaki chini ya trela nikisikiliza. Kilikuwa kipindi cha Kiteso, cha kila Alhamisi jioni, na Robinson alikuwa akieleza yote: benchi, majina yanayotajwa, jinsi tunavyopima sketi za wasichana kwa macho. Hakutukana. Alisema, "Hilo ni kanisa linalojua kumpeleka mtu nyuma. Kumrudisha mbele halijui." Alisema polepole, kila neno limekaa mahali pake, na dereva wa trela, Mteso wa upande wa Uganda, akaacha kupiga mswaki akatikisa kichwa. Nilikaza nati mpaka uzi wa bolti ukakatika.

Jibu letu la kwanza lilikuwa kunyamaza. La pili, mchungaji alihubiri juu ya "mtu fulani" Jumapili mfululizo, nami nikatafsiri "mtu fulani" mpaka neno likaniwasha ulimi. La tatu, wazee walikataza waumini kusikiliza kipindi hicho. Na kila Ijumaa ilipofika, kila mtu alijua alichosema Robinson Alhamisi. Mke wangu Apolot alikuwa akipunguza sauti ya redio nikiingia mlangoni, na mimi nilikuwa nikiingia polepole ili nipate kusikia kidogo.

Halafu mchungaji akatangaza mfungo. Kanisa zima tukae bila kula tangu asubuhi mpaka jioni, tumwombee Robinson kwa jina. Hapo ndipo nilipoanza kuugua, na si kwa njaa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilipasuliwa ngiri. Nililala hospitali nikitazama dari, na kanisa likanitumia sukari na majani ya chai pamoja na salamu. Hakuna aliyefunga. Sikulalamika, maana sikujua kwamba kuna zaidi ya sukari. Sasa nikawaona wazee wazima wamepiga magoti kwenye saruji, midomo imekauka, wakililia jina la mtu aliyetuanika kwa nchi mbili. Mchungaji aliposema "Robinson" sauti yake ilikatika. Jina langu halijawahi kumkatisha mtu sauti.

Wivu ni kama pancha ndogo ya msumari mwembamba. Asubuhi tairi unaliona limejaa, unaondoka nalo. Jioni limekaa chini, na huoni palipotoboka.

Ndipo redio ikatualika. Mtangazaji alitaka pande zote mbili zikae meza moja, katika kipindi maalumu cha asubuhi. Wazee walibishana mchana kutwa. Mmoja akasema tusiende, tutampa ukubwa. Mwingine akasema tusipokwenda tutaonekana waoga. Mchungaji akawaacha wachoke, kisha akasema, "Nitaenda mwenyewe. Ilukor atanitafsiria."

Niliona mwili wangu umekuwa mwepesi. Wiki ile nilifanya mazoezi kazini, nikiyageuza mahubiri Kiteso mbele ya magurudumu ya malori, mpaka Hamdan akaniuliza kama tairi limeshaokoka. Nilitaka mambo mawili. Nilitaka watu wa Moding mpaka Tororo wasikie kwamba kando ya Mchungaji Wandera kuna mtu, na mtu huyo ana jina. Na nilitaka Robinson awe amekaa pale pale akisikia.

Kwa hiyo mchungaji akasema sentensi yake ya kwanza. "Kijana huyu nilimlea mimi, nikampa maiki kwa mkono wangu, na leo maiki hiyo ameigeuza rungu la kunipigia."

Nikavuta pumzi, nikasafisha koo. Kabla koo halijamaliza, ile sentensi ilikuwa tayari imeshatoka kwa Kiteso, nzima, na uchungu wake wote. Ilitoka upande wangu wa kushoto.

Robinson alikuwa akiitazama meza. Sidhani alikuwa amekusudia. Alishtuka mwenyewe, akanigeukia. "Samahani, mzee," akaninong'oneza. "Endelea."

Nikamtazama mchungaji. Nilingoja aseme, mwache Ilukor afanye kazi yake. Ni maneno machache. Mchungaji alikuwa ameshaanza sentensi ya pili, na ilikuwa ndefu. Mimi huwa ananikatia sentensi vipande vipande, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Siku hiyo aliiachia ikimbie, akapanda nayo, akashuka nayo, na Robinson akaifuata bila kupumua.

Ndivyo walivyoendelea. Mchungaji akasema Robinson ana kiburi, na Robinson akawaambia wasikilizaji kwa Kiteso kwamba Robinson ana kiburi. Hakulainisha. Mchungaji akasema ni mwana aliyemvua nguo baba yake sokoni, na Robinson akalipeleka neno hilo mpaka vijijini kwa sauti ya baba mwenyewe. Nilikuwa nimeketi katikati, maiki iko mbele yangu, mdomo umefunguka kidogo. Sijawahi kusikia kitu kilichotafsiriwa vizuri hivyo. Ningemsamehe kila alichokuwa amesema juu ya kanisa. Hilo sikuweza kumsamehe.

"Benchi lile si jela," mchungaji akasema. "Ni mahali pa kupona."

Robinson akatafsiri. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaongeza ya kwake, kwa Kiteso, akimtazama mchungaji usoni. "Wilkister alikaa pale na mimba. Akajifungua, akarudi kukaa pale. Mtoto akajifunzia kutembea kwa kulishika benchi hilo. Ni nani alikuja kumwambia kwamba amepona?"

Neno hilo halikuhitaji mtafsiri. Mchungaji alivua miwani akaishika mkononi, na bila miwani alionekana mzee kuliko nilivyomjua.

"Hakuna," akasema. "Sikwenda. Nilingoja aje mwenyewe, kisha nikasahau kwamba nangoja." Sentensi hiyo Robinson aliitafsiri, lakini sasa sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Na wewe, mwanangu," mchungaji akaendelea, "sikukufuata pia. Nilidhani utachoka. Lakini nisikilize. Mahali pako kando yangu hakuna aliyepachukua. Hakuna mtu aliyepachukua mpaka leo."

Robinson akafungua mdomo, na hakukutoka kitu. Akaufunga, akajaribu tena.

Redioni kimya ni kama moto. Yule binti alikuwa akipunga mikono kama anayefukuza kuku, akituonyesha tuseme, mtu yeyote aseme. Hapo mchungaji akanigeukia. Tangu tuingie studio ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama. Sijui kama alikuwa amesikia alichokisema mwenyewe. Nadhani hakuwa amesikia. Alikuwa ananitazama kama mtu anavyoutazama mlango anaotaka ufunguliwe.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema, mchungaji anamkaribisha kila mwenye dhambi arudi, na wasikilizaji wengi wangetosheka. Nilikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, yamenijaa kinywani.

Niliisogelea maiki. "Mahali pako kando yangu hakuna aliyepachukua," nikasema kwa Kiteso. "Hakuna mtu aliyepachukua mpaka leo." Sikupunguza kitu. Na wala sikusafisha koo. Sauti ilitoka chini kabisa, mahali nisipopajua, ikaja imenyooka, na nikaona binti mtangazaji anaweka mkono mdomoni.

Mchungaji akanyoosha mkono kumfikia Robinson, na Robinson akanyoosha wake. Wakashikana mbele ya kifua changu. Niliegemea nyuma ili wapate nafasi.

Robinson hakurudi kanisani. Watu walimngoja Jumapili nyingi, wakichungulia mlangoni kila kivuli kikipita. Bado yuko redioni, ila siku hizi anazungumzia zaidi bei ya mahindi na watu wanaonyang'anywa mashamba, na mchungaji, akisikiliza, hapandishi tena vioo. Benchi la nyuma liliondolewa bila tangazo. Wilkister, aliyekuwa ameshaacha kuja, alikuja mara moja na mtoto wake, akakaa katikati, hakuimba, akaondoka kabla ya sadaka. Mimi bado natafsiri. Mchungaji bado ananikatia sentensi vipande.

Siku ile ya studio nilirudi nyumbani alasiri, tai mkononi. Apolot alikuwa amekaa barazani na sinia la majani ya kunde mapajani, redio iko chini karibu na mguu wake, sauti imepandishwa bila woga. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimesikia," akasema. "Nimesikia yote. Majirani walijaa hapa, hata wale wasiosali."

"Umeonaje?"

"Mchungaji amejishusha. Sikujua anaweza." Akanyofoa jani, akatupa kijiti. "Lakini yale ya mwisho, Robinson alipoyasema, yameniliza. Ati mahali pako hakuna aliyepachukua. Huyo kijana Mungu alimpa mdomo. Mama wa jirani amelia mpaka akaketi chini."

"Hayo ya mwisho nimesema mimi."

Akaacha kuchambua kunde. "Wewe?"

"Robinson alishindwa. Nikasema mimi."

Aliuangalia uso, akaiangalia na tai. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka na aliyempenda mwenzake miaka mingi.

"Baba Amoit," akasema, "huu wivu wako sasa umezidi. Hata hilo moja unataka kumnyang'anya?"

Nikavuta kigoda nikaketi karibu naye, nikachukua fungu la kunde, nikaanza kuchambua.