Lafudhi ya Binti wa Bucha

Ngumi ya kwanza ilimkuta fundi cherehani mdomo ungali wazi kwa kicheko, na jino moja likaondoka bila kuaga.

Muuza nyama hakuwa mtu wa maneno mengi. Akashusha ya pili. Fundi akaangukia ndoo ya utumbo, akainuka na mfupa wa paja, akamtandika nao begani. Wateja walirudi nyuma kwa heshima, kama watu walio msibani, ila hakuna aliyeacha nafasi yake kwenye foleni.

Aliyegombewa alikuwa ameketi juu ya kreti, binti wa muuza nyama, miaka mitano. Kila siku mama yake akiwa kazini, baba alimkalisha pale na kumfungia simu kwenye ndoano ya nyama, usawa wa macho. Baba aliogopa msumeno wa umeme wa kukatia mifupa. Ulikwisha kula kidole chake kidogo, naye hakutaka uuzoee ukoo. Mtoto akitazama video, mikono hutulia. Basi vidole kumi vya mtoto vilibaki kumi. Ulimi ndio uliohama. Kiswahili cha nyumbani na Kiingereza cha shule, vyote sasa vilipitia puani, kwa lafudhi ya dada mmoja wa ng'ambo anayefungua mayai ya plastiki yenye vitu vya kuchezea kwenye video.

Asubuhi hiyo alimwamkia fundi kwa lafudhi hiyo. Fundi akamwiga. Mtoto akarudia polepole, akidhani hakusikika. Fundi akamwiga tena, kisha akamgeukia baba.

"Jirani, huyu ulimzaa au ulimpakua mtandaoni?"

Ndipo ngumi.

Fundi alipotolewa nje akitema damu, muuza nyama alikata kamba, akailaza simu juu ya gogo, akaipasua kwa shoka. Vioo vikaruka hadi kwenye maini. Mtoto hakulia. Hilo lilimuuma baba kuliko ule mfupa. Akageukia mguu wa ng'ombe, akawasha msumeno.

Asiye na la kutazama hutazama kilichopo. Baba aliona vidole vitano vidogo vikikifuata kile chuma kinachong'aa. Akang'oa waya ukutani kwa teke. Meno ya msumeno yakasimama, upana wa kiganja kimoja tu kutoka kwenye mkono wa mtoto.

"Baba," alisema, puani, "kidole chako kilienda wapi?"

Baba akamrudisha kwenye kreti. Foleni ikisubiri, akamsimulia yote: kelele, damu, na paka aliyekimbia nacho. Mtoto alirudia kila sentensi kwa lafudhi yake. Hakuna aliyecheka, ngumi walikuwa wameiona.

Alasiri fundi alirudi, mdomo umevimba kama andazi. Aliomba samahani, kisha nusu kilo ya sehemu laini, kila neno likipiga filimbi kwenye pengo.

Mtoto alimtazama mdomo kwa muda mrefu.

"Shikamoo," akasema, safari hii kwa filimbi ileile.

Fundi akaziba pengo kwa kiganja. Kisu cha baba kilikuwa kimesimama katikati ya nyama.