Jezi za Nailoni za Ihembe

Gaudiosus, karani wa mizani ya kahawa pale Ihembe, alikwenda Kampala mara moja tu maishani mwake, na hakuwahi kumaliza kurudi. Mtu akisema mvua imechelewa, yeye alieleza jinsi mvua ya Kampala inavyonyesha kwa adabu. Mtu akimpa pole kwa mafua, alisema kule hata mafua yana nafuu. Watu walikuwa wamezoea. Lakini safari ile hakurudi na maneno peke yake. Alirudi na shati la nailoni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, ikielekea ukingoni. Karagwe nzima ilivaa pamba: amerikani kwa wengi, kaniki kwa akina mama shambani, kaki kwa wenye vyeo. Wazee wachache bado walijitupia begani rubugo, ile nguo ya gome la mti linalopondwa kwa nyundo mpaka linalainika. Nailoni watu waliisikia tu. Sasa ilikuwa imesimama mbele yao, nyeupe, inang'aa, na Gaudiosus yumo ndani.

"Gusa," aliwaambia wakulima waliopanga foleni na magunia yao. "Polepole. Hili halikuota shambani. Limetengenezwa na wataalamu."

"Wametengeneza kwa kitu gani, waitu?" mkulima mmoja akauliza kwa heshima.

"Kwa akili," Gaudiosus akajibu, maana hakujua.

Mkewe, Kokubanza, alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake barazani. Alilipindua lile shati ndani nje, akavuta mishono, akalisugua kwa vidole.

"Halipigwi pasi," mumewe akamwambia. "Unalifua, unalitundika, ukigeuka limekauka."

Kokubanza akalishusha shati mapajani. Kwa miaka yote ya ndoa, kila Jumamosi alikuwa akiwasha makaa, akayajaza kwenye pasi, akanyoosha mashati ya mtu huyu huku moshi ukimtoa machozi. Hili ndilo neno la kwanza kutoka Kampala alilolisikiliza kwa masikio yote mawili.

"Ongeza mengine," akasema.

Kwa hiyo Gaudiosus, ambaye pia alikuwa kapteni wa timu ya mpira, alipotangaza kwamba ameagiza jezi za nailoni kwa timu nzima, tena kama zawadi yake binafsi, Kokubanza hakumpinga. Jezi za zamani alizishona yeye mwenyewe kwa amerikani. Baada ya kila mechi zilimrudia zimelowa jasho na tope, nzito kama ndama. Siku alipopata habari alizikatakata zote, zikawa matambara ya kushikia sufuria na nepi za mtoto wa jirani. Hakutaka mtu abadili mawazo.

Jezi zilifika kwa lori la kahawa, njano kama ndizi iliyoiva. Wachezaji walizivaa wakacheka wenyewe kwa wenyewe, wakitomasana. Muhangi, kipa, alisema yake inatoa sauti.

"Ni umeme," Gaudiosus akamweleza. "Nguo za kisasa zina umeme kidogo."

"Utaniuma?"

"Hauumi wanaojua."

Mechi ilikuwa dhidi ya Kimuli, katikati ya kiangazi, saa ya jua kali. Uwanja ulikuwa malisho yenyewe: ng'ombe walisogezwa pembeni na nyasi zilikuwa fupi kwa kuliwa. Kimuli walishuka kwenye lori lao wakiwa na fulana za pamba zilizopauka hata rangi yake haikujulikana tena, moja ina kiraka cha kaki mgongoni. Kapteni wao, Rwezaura, alikuwa mnunuzi wa ng'ombe, mtu wa maneno machache na macho ya kupima. Aliwatazama Ihembe wakimetameta, akatazama jua, akatazama Ihembe tena.

"Mmependeza," akasema.

Gaudiosus aliona wivu katika neno hilo, akafurahi. Chini ya jezi alikuwa amevaa pia lile shati lake jeupe, ili kola ionekane. Kapteni, alisema, lazima atofautiane na watu wake.

Mwalimu Placidius, aliyekuwa refa, akapuliza filimbi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Ihembe walikimbia kama watu wanaotazamwa, na kweli walitazamwa. Kisha jasho likaanza kutoka, na likakosa pa kwenda. Pamba ingelinyonya. Nailoni ililiacha hapo hapo, likashuka mgongoni kama maji kwenye jani la mgomba, likajaa kiunoni. Jezi zikaganda mwilini. Kwapani zilianza kukwangua. Rangi ya njano ikawa kama haipo, na kila mtu uwanjani akaonekana kifua, kitovu na makovu ya utotoni, na akina mama waliokuwa wamekaa pembeni wakaanza kuwajadili mmoja mmoja kwa utulivu, kama mashuka yanayouzwa sokoni.

Gaudiosus, mwenye tabaka mbili, alihisi anapikwa. Aliona aibu kujikuna mbele za watu, basi akawa anakimbia huku ameachanisha mikono na mwili, kama mtu anayebeba madebe mawili ya maji yasiyoonekana.

Hata hivyo Ihembe ndio waliopata goli la kwanza. Mzee Byarugaba, shabiki wao mkuu, aliingia uwanjani na rubugo lake begani na kiko chake mdomoni, akamkumbatia mfungaji. Kaa dogo likadondoka kutoka kwenye kiko. Kwenye nguo ya pamba lingeacha alama nyeusi na mtu angelipangusa. Kwenye nailoni lilifungua tundu, tundu likakunjamana kingo, likawa gumu kama ngozi iliyoungua, na mfungaji akaruka juu kuliko alivyoruka kupiga kichwa.

"Imeyeyuka," Byarugaba akasema, akiinama kuchungulia. "Nguo inayeyuka. Nimeishi kuona mengi."

Kimuli walisawazisha kabla ya mapumziko. Wakati wa mapumziko wachezaji wa Ihembe walizivua jezi wote kwa pamoja, bila kuambizana, wakazirusha kwenye nyasi. Harufu iliyotoka ikawafanya ng'ombe wainue vichwa.

"Vaeni," Gaudiosus akawaamuru.

"Kapteni," Muhangi akasema kwa upole, "mimi najua ndizi za pombe zinavyovundikwa. Unachimba shimo, unatandika majani, unafunika, unaacha joto lifanye kazi. Leo nimekaa golini nikajua ndizi inasikiaje. Sirudi shimoni."

"Kampala wanavaa hizi."

"Labda Kampala hawachezi."

Mwalimu Placidius akaja na kitabu chake cha sheria chini ya kwapa. Alisema hakuna anayecheza kifua wazi, kwa kuwa huu ni mpira na siyo kuogelea. Wakauliza zile jezi za zamani ziko wapi. Macho yote yakamgeukia Kokubanza, naye akajibu bila kupepesa kwamba ziko jikoni na baadhi zimevaliwa na mtoto ambaye hata kukaa hajaweza.

Ndipo mama mmoja akafungua kanga yake ya pili na kumtupia mumewe. Mwingine akafuata. Kwa muda mfupi timu ya Ihembe ilikuwa imefungwa kanga shingoni na kiunoni, za maua, za madoa, za korosho, kila mtu na ya kwake. Placidius alifikiri sana, kwa sababu kitabu kilitaka rangi moja. Mwishowe akatamka: "Mwenye kanga ni Ihembe. Tuendelee."

Aliyebaki na nailoni alikuwa Gaudiosus peke yake. Kokubanza alimletea kanga yake hadi mstarini.

"Baba Joviana, vaa hii."

"Mimi ni karani," akasema.

"Jasho haliulizi kazi ya mtu. Vaa."

Hakuvaa. Alirudi uwanjani, akakimbia kuelekea kwenye mpira, uwanja ukainama upande mmoja, na nyasi zikamjia usoni.

Walimbeba hadi pembeni. Kwa kuwa hapakuwa na mti karibu, mzee Byarugaba alivua rubugo lake, akamfunika toka kichwani hadi miguuni kumkinga na jua. Alifanya kwa wema. Lakini upande wa pili wa uwanja, watu wa Kimuli waliona mtu ameanguka na mzee anamfunika rubugo gubigubi, jinsi maiti hufungwa kwao na Karagwe nzima. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti. Wengine wakamsaidia.

Gaudiosus alizinduka akajikuta mahali penye kivuli chenye harufu ya moshi na gome. Upepo ulipenya kidogo kidogo. Kokubanza alikuwa ameshamvua nailoni zote mbili, na ngozi yake ilikuwa inapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ilikuwa raha ambayo hata Kampala hakuipata. Aliamua kutosogea. Kisha akasikia nyayo, na sauti ya Rwezaura juu yake.

"Alikuwa mtu mzuri," Rwezaura alikuwa akisema kwa huzuni ya kweli. "Alisalimia watu. Mizani yake tu ndiyo ilikuwa na tabia ya kumsahau mkulima kidogo."

"Kidogo?" sauti nyingine ikauliza.

"Leo tuseme kidogo. Na alipenda kusema. Ukikutana naye asubuhi, unafika shambani jioni."

"Hajafa," Kokubanza akasema, bila kuacha kukamua maji kwenye zile nailoni. "Anasikiliza."

"Basi pole yake," Rwezaura akasema, akarudi kucheza, maana Placidius alikuwa amekataa kusimamisha mechi kwa kifo ambacho hakijathibitishwa.

Ihembe walishinda. Goli la pili lilifungwa na mtu mwenye kanga ya korosho, kapteni akiwa chini ya rubugo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pengo lake lilionekana.

Wiki ile wachezaji walikwenda kwa Kokubanza kuomba jezi za amerikani kama zile za zamani. Alikubali kuzishona. Aliweka sharti moja: kila mwenye mgongo atafua cha mgongoni kwake. Jezi za njano alibaki nazo yeye, akazitumia kuchujia juisi ya ndizi. Alisema kwa kazi hiyo wataalamu walifanya vyema, kwani hazinywi hata tone.

Gaudiosus naye alirudi kwenye pamba, kimyakimya, kama mtu anayerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Jumamosi akaweka mashati matatu mezani, akasubiri. Kokubanza aliendelea kushona.

"Mama Joviana, mashati."

"Nayaona."

"Yamekunjamana."

"Pamba hukunjamana. Pasi ile pale, makaa yapo jikoni. Mimi nilikubali shati lisilopigwa pasi, na shati hilo ninalo bado, limefuliwa. Ukitaka lile, nakupa sasa hivi."

Alilitazama shati jeupe lililotundikwa kambani, likimetameta, limekauka tangu zamani. Kwapa zake zikawasha zenyewe. Akaenda jikoni kutafuta makaa.

Kola ya shati la kwanza aliiunguza. Jumatatu alilivaa hivyo hivyo kwenye mizani, alama ya pembetatu ya kahawia chini ya kidevu. Mkulima wa kwanza kwenye foleni akaikodolea macho.

"Ndio mtindo," Gaudiosus akamwambia, akiweka gunia juu ya mizani. "Kampala wote wanaweka alama hapa."

Mkulima alitikisa kichwa kwa mshangao. Jumapili alionekana kanisani na shati lake la pekee la amerikani, kola imeunguzwa kwa uangalifu mkubwa, pande zote mbili.