Vidole Juu ya Karto

...na anaandika, ee Mungu wangu, anaandika kweli, vidole vyote kumi, macho ukutani vile alivyofundishwa, na ekrani ya ordinateri, kioo cha kompyuta, inabaki nyeupe, nyeupe pee, na Mama Jeanine, mwenye biro, ofisi hii ya mtaa wa Himbi, amekunja mikono nyuma ya kiti cha mutoto huyu, Uwizeye, anangoja, na Mwalimu Habarurema amesimama karibu na mlango, anajua, yeye peke yake anajua, Uwizeye hagongi, anagusa tu, anagusa kama alivyogusa karto mwaka muzima, maana mashine za shule zilibebwa wakati wa vita, naye mwalimu akachora klavye, vitufe vyote vya herufi, juu ya karto za maboksi ya biskuti, kila mutu na yake, akawakataza kukandamiza, polepole wanangu, karto itatoboka, wakawa wanaimba pamoja Q S D F, J K L M, naye anapita katikati ya mabanki ya darasa akiwasoma vidole, na akajisifu, finaliste wangu, hawa wa mwaka wa mwisho, wataenda staji, kujifunza kazi bironi, mbele ya wote... nani alimtuma kujisifu, mdomo uliponza kichwa, na hapa asubuhi hii, alipomuleta huyu kwa staji, si alisema hawa wamezoea ordinateri, wamezoea sana, Mama, angekosa nini kusema karto, lakini sakafu ya biro ilikuwa inang'aa na viatu vyake vimejaa vumbi nyeusi ya volkano... "Mwalimu, huyu ulimufundisha kweli?" na hajafikiri bado, ulimi umeshakimbia, "Mama, huyu alikuwa anakosa sana masomo," na Uwizeye amesikia, vidole vimesimama kidogo, halafu vimeendelea, Uwizeye anayekuja shule kwa miguu toka mbali, Lac Vert, hata siku mvua imekata njia, aliyefunika karto yake kwa plastiki isilowe... mutu muzima kujificha nyuma ya mutoto wa watu, haya iko wapi, Habarurema, mwanafunzi akisema uongo wa namna hiyo si ungemfukuza... na hataki kuviangalia vile vidole, lakini macho yamezoea, kidole kidogo cha kuume M, kidogo cha kushoto kimepanda A, cha kati D, Madame, ndiyo, barua ya kuomba kazi, ile ile ya darasani, naomba nafasi, nina bidii, walimu wangu wamenifundisha vizuri, hakuna herufi iliyokosewa, hata moja, na biro nzima hii ni yeye tu anayeisoma, walimu wangu wamenifundisha vizuri, imeandikwa na mutoto ambaye yeye mwalimu ametoka kumuuza sasa hivi, aibu imempanda hadi masikioni... ameweka nukta, amerudisha mikono mapajani kama alivyowazoesha, amegeuka, hamuangalii Mama Jeanine, hajaiangalia hata ekrani, anamuangalia yeye mwalimu, anangoja amsahihishe kama kila siku, na ekrani ni nyeupe, na Mama Jeanine bado amekunja mikono, na Habarurema anaacha mlango, anasogea karibu na kiti, atasema, haki ya Mungu atasema ukweli, ataanza na karto.