Safu ya Maelezo

Taa ya korido ilivuma tangu asubuhi, na karani wa masijala alikuwa amekalia mikono yake ili asizibe masikio. Dada yake mkubwa alikuwa amembembeleza: "Leo tulia, mdogo wangu. Usijitikise. Wanatafuta sababu hao." Alitulia. Jasho lilimtiririka hadi kiunoni. Nyuma ya mlango uliokuwa mbele yake watu watatu walikuwa wanaamua kama atabaki kazini.

Miaka kumi na tisa alikuwa ametunza majalada ya viwanja. Wenzake walimwita Kompyuta, kwa sababu ile ya kweli ilikufa zamani. Mtajie namba ya kiwanja, atakwambia rafu, idadi ya kurasa, na ukurasa wenye doa la chai. Wenzake mchana walibishana mpira; yeye alisoma daftari la kutolea majalada. "We Kompyuta, utaoa lini?" walimtania. "Bado majalada mia mbili na sita hayajapangwa," alijibu, nao wakacheka mpaka machozi. Mle ndani hakuna aliyepiga kelele, na kila kitu kilikuwa na mahali pake. Alikuwa na furaha, jamani, furaha ya kweli.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Mkuu wa idara alishuka masijala kwa miguu yake, akataka jalada la kiwanja cha mjane mmoja. "Nipe tu, usiandike," alisema. Mimi na wewe tungeelewa, tukafyata mkia. Yeye alimpa, kisha akaandika kama siku zote: namba, kurasa arobaini na saba, saa nne na dakika kumi, limechukuliwa na Mkuu wa Idara. Kwenye safu ya maelezo akaongeza: "Amesema nisiandike." Safu ilikuwa wazi, na safu ya maelezo huandikwa maelezo. Mjane alipokuja kuulizia, akamfungulia daftari akamwonyesha. Mkuu akakana kulichukua, na jalada halikuonekana tena. Loo!

Waliitwa ndani, yeye na dada yake. Mkuu mwenyewe alikuwa mmoja wa wale watatu, ameketi kulia kwa mwenyekiti, anatabasamu.

"Huyu bwana mdogo si mwongo," alisema kwa upole, ingawa walilingana umri. "Ni mgonjwa. Hapa nina barua ya daktari. Ana usonji."

Dada akaruka. "Hiyo barua niliileta mimi! Nilipanga foleni siku tatu ili mumtoe dirisha la wateja, kwenye kelele, mumrudishe ndani kwenye rafu! Haisemi ni mgonjwa!"

"Kaa chini, mama," mwenyekiti alisema. Akamgeukia karani. "Kwa hiyo unadai hilo jalada lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Ukurasa wa kwanza, ombi la mume wake, wino wa bluu. Wa pili, ramani. Wa tatu, stakabadhi..."

Alisema akitazama meza, na mikono ikamponyoka, ikaanza kupiga mapaja. Alipofika ukurasa wa kumi na moja mwenyekiti akasema inatosha.

"Bado thelathini na sita."

"Nimesema inatosha!"

"Wa kumi na mbili, barua ya jirani..."

Afisa utumishi, yule wa tatu, aliinama akaandika, akisema kwa sauti: "Hawezi kunyamaza akiambiwa." Mkuu akatikisa kichwa kwa huruma, kama yuko msibani.

Uamuzi haukuchukua hata robo saa. Karani anastaafishwa kwa maradhi, na alichoandika kuhusu jalada lile hakihesabiki, maana hana akili timamu. Fomu akapewa dada asaini.

"Anajua kusaini," dada alisema.

"Ndiyo utaratibu, mama."

Dada akasaini. Angefanya nini?

Walikuwa wamefika geti la nje, dada amemshika mkono kwa nguvu, waliposikia viatu vinakimbia nyuma yao. Alikuwa afisa utumishi, anahema.

"Kompyuta! Ngoja! Kiwanja mia sita na kumi na mbili, jalada lake liko wapi? Mkuu analitaka sasa hivi."

"Usimwambie," dada alinong'ona. "Nakuomba, mdogo wangu, nyamaza."

"Rafu ya tisa, tabaka la pili kutoka chini," alisema karani. "Kurasa hamsini na tatu. Nani ataliandika?"

Afisa alikuwa ameshageuka, anapanda ngazi mbili mbili.